Kiti cha Mwananchi Hospitalini: Olmotonyi na Mipaka ya Ushirikishwaji

Ushirikishwaji wa jamii katika kuendesha hospitali za umma umekuwa sehemu ya sera ya afya ya Tanzania kwa zaidi ya miongo miwili, na katika nyaraka za serikali hakuna anayeupinga. Linalobishaniwa, tena mara nyingi chinichini, ni iwapo mwananchi anayeshirikishwa hupewa uwezo wa kuamua au huitwa tu achangie na kushuhudia. Olmotonyi, kata iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru nje ya Jiji la Arusha na inayofahamika zaidi kwa Chuo chake cha Misitu, ni mahali panapofaa kulipimia swali hilo, kwa kuwa wakazi wake hawakufungiwa kwenye mlango mmoja wa tiba. Ipo Hospitali ya Olturumet, ambayo ni hospitali ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Ipo Selian, hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri iliyo Ngaramtoni. Na ukiteremka mjini ipo Mount Meru, hospitali ya mkoa. Ni katika mazingira kama haya, ambapo mgonjwa mwenye nauli anaweza kuchagua, ndipo udhaifu wa ushirikishwaji huonekana waziwazi kuliko pale penye zahanati moja na barabara moja.

Historia inaeleza mengi kuhusu sura ambayo ushirikishwaji huu ulizaliwa nayo. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulizifuta halmashauri za wilaya, na kwa takribani muongo mzima huduma za wilaya, hospitali zikiwamo, ziliendeshwa na maofisa waliowajibika kwa serikali kuu. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, ila mazoea ya kungoja maelekezo kutoka juu hayakufutwa na sheria. Mwaka 1993 serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama za matibabu, na mwaka 1996 ilianza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii wilayani Igunga, ambako kaya ililipa mchango wa mwaka na serikali ikaongeza kiasi kinacholingana, utaratibu uliopewa jina la tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilipopitishwa mwaka 2001, bodi na kamati za wananchi ziliingia nayo kwenye utaratibu. Mfuatano huo si jambo dogo: mwananchi alidaiwa mchango kwanza, kisha akatafutiwa kiti, na tangu mwanzo kiti hicho kilieleweka kuwa njia ya kumfanya alipe bila manung'uniko. Hadi leo, ukimsikia kiongozi akisema kwamba jamii imeshirikishwa ipasavyo, aghalabu anazungumzia nguvukazi, mawe, mchanga na fedha za ujenzi. Ni nadra awe anazungumzia bajeti.

Vyombo vyenyewe vya ushirikishwaji ni viwili. Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri huangalia huduma za halmashauri nzima na hupitia mpango wa afya wa mwaka kabla haujafika kwa madiwani, ilhali Kamati ya Usimamizi huwa ya kituo kimoja kimoja, iwe zahanati, kituo cha afya au hospitali. Katika vyote viwili wawakilishi wa watumiaji wa huduma huketi pamoja na watumishi wa serikali na wawakilishi wa watoa huduma wasio wa serikali. Katibu wa bodi ni Mganga Mkuu wa Halmashauri, na katibu wa kamati ni mfawidhi wa kituo. Utaratibu huo una mantiki yake, kwa sababu maofisa hao ndio wenye takwimu na ofisi. Lakini maana yake ni kwamba anayesimamiwa ndiye anayeandaa ajenda, anayeandika muhtasari na anayeamua kikao kiitishwe lini. Mjumbe aliyetoka kijijini hupokea kabrasha asubuhi ya kikao, lenye majedwali ya mapato na matumizi ambayo hata mhasibu angehitaji siku mbili kuyachambua, na ifikapo mchana huulizwa kama yapo maoni. Si ajabu, basi, kwamba watafiti waliochunguza vyombo hivi katika wilaya mbalimbali nchini wamewakuta mara kwa mara wananchi wasiojua kwamba vipo, na wajumbe wasio na hakika na mamlaka yao.

Mfano wa dawa unaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Lori la Bohari ya Dawa linapoleta shehena kutoka Kanda ya Moshi, ambayo huhudumia pia mkoa wa Arusha, wawakilishi wa kamati huitwa wawepo wakati wa kupokea: maboksi hufunguliwa, kilichomo hulinganishwa na hati ya makabidhiano, tarehe za mwisho wa matumizi husomwa, kisha watu hutia saini. Ni ulinzi wa kweli dhidi ya wizi wa njiani na haupaswi kudharauliwa. Hata hivyo, saini hiyo inathibitisha kilichofika tu; haisemi kituo kiliagiza nini, kilikosa nini bohari, na fedha za kununulia kilichokosekana zilikwenda wapi. Kwa dawa zisizopatikana bohari, kituo huruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa kwa zabuni, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Mjumbe anayetaka kujua kwa nini mgonjwa wa shinikizo la damu ameandikiwa akanunue dawa nje angepaswa kuziona karatasi tatu pamoja, yaani fomu ya maombi, hati ya makabidhiano na ankara ya mshitiri. Anayeonyeshwa moja tu anabaki kuwa shahidi.

Suala la pili, ambalo nyaraka za sera hulipita haraka mno, ni la nani hasa anayewakilishwa. Zahanati ina kijiji chake, na kijiji kina mkutano mkuu ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria, kwa hiyo mwenye malalamiko anajua pa kuyapeleka. Hospitali haina kijiji. Wilaya ya kiutawala ni Arumeru, nayo ina halmashauri mbili, Arusha na Meru. Halmashauri ya Arusha imelizunguka jiji ambalo lina halmashauri yake yenyewe. Na mgonjwa hafuati mipaka hiyo hata kidogo. Kwenye benchi la wagonjwa wa nje wanaweza kukutana mkulima wa Kiarusha wa miteremko ya juu, mfanyabiashara wa soko la Ngaramtoni, mwanachuo wa misitu, mfugaji aliyepanda kutoka tambarare na mpangaji wa pembezoni mwa jiji. Mjumbe mmoja aliyependekezwa kupitia uongozi wa kata hawezi kuwasemea wote hawa, na mpangaji na mfugaji, ambao hawana mizizi katika siasa za kata, ndio huachwa kwanza. Uwezo wa kujipanga si tatizo la watu wa Mlima Meru: mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, walichangishana fedha na kumtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Kilichowaunganisha kilikuwa ardhi, yaani kitu chenye mipaka na wenyewe wanaojulikana. Hospitali haijapata wenyewe wa namna hiyo.

Hapa ndipo wingi wa hospitali unapoleta matatizo ambayo wengi hawayatarajii. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichochapisha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na huduma ana njia mbili, kuondoka au kulalamika, na alianzia kwenye reli ya Nigeria: wasafirishaji waliokerwa zaidi walihamia kwenye malori, na kwa kuwa ndio waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele, reli ikapoteza wakosoaji wake na kuzembea zaidi. Hoja hiyo inaingia Olmotonyi bila kulazimishwa. Mwalimu, mtumishi au mfanyabiashara mwenye kadi ya bima inayopokelewa Selian au mjini haoni sababu ya kupoteza siku nzima kwenye kikao cha kujadili foleni ya hospitali ya halmashauri. Anayebaki ni asiye na nauli wala nafasi ya kulalamika. Ushindani, ambao katika biashara hudhaniwa kumnufaisha mteja, katika hospitali ya umma unaweza kuwaondoa kikaoni watu walewale ambao ndio wangehitajika humo.

Wapo wanaosema kwamba kumpa mwananchi uwezo wa kuamua ni kuongeza mizigo, kwa kuwa diwani amechaguliwa, daktari amesomea kazi yake, na mwananchi wa kawaida hana la kuwafundisha. Hoja hii ina uzito inapohusu tiba, kwani hakuna kamati inayopaswa kuamua dozi au zamu za chumba cha upasuaji. Kuhusu diwani ni dhaifu, kwani yeye hubeba barabara, shule, maji na hospitali kwa pamoja, na kura haiwezi kumhukumu kwa jambo moja kati ya hayo.

Lenye uzito kuliko hoja hizo ni mwelekeo wa fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, hatua iliyoipa Kamati ya Usimamizi kitu halisi cha kusimamia. Lakini mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ukusanyaji wake uliinuliwa kutoka wilaya hadi mkoa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaupeleka mfumo mzima ngazi ya taifa. Kitaalamu hatua hizo ni sahihi, kwa sababu mfuko mpana hubeba wagonjwa wa gharama kubwa ambao mfuko wa wilaya ungefilisika kwa ajili yao. Matokeo yake kiutawala ni kwamba matumizi yameshuka kituoni huku mapato yakipanda juu, na bodi ya halmashauri, iliyoundwa wakati yote mawili yalipokuwa wilayani, imebaki katikati ikijadili mpango ambao haushiki matumizi wala mapato. Mageuzi yenye maana yangeanza na Kamati ya Usimamizi ya hospitali: ipewe haki kisheria ya kuziona zile karatasi tatu za dawa, katibu wake asiwe mfawidhi, na baadhi ya wajumbe wapatikane kwa wagonjwa wenyewe, wakiwamo wa nje ya kata. Na posho ya kikao, ambayo sasa hutoka kwenye bajeti ya ofisi inayokaguliwa, ilipwe na mfuko mwingine, kwa sababu mjumbe anayemtegemea mfawidhi kwa nauli ya kurudi nyumbani hatarajiwi kumuuliza ankara ya mshitiri iko wapi.