Usiitupe amplifaya ya mzee kwa sababu ya besi

KATIKA nyumba nyingi za hapa jijini bado utaikuta amplifaya kuukuu imekaa kwenye kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake pamewekwa picha ya harusi. Wazee huipenda. Vijana huilaumu kwamba haina besi, na siku moja huamua kuitia besi wao wenyewe.

Ndivyo ilivyotukia nyumbani kwa baba yangu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alikuja likizo na sabwufa iliyotolewa katika gari. Babu yake alipokwenda kanisani, kijana alichukua waya mbili akaiunganisha nyuma ya amplifaya, pale pale palipokuwa na waya za spika ya kushoto. Kwa muda wa dakika kumi hivi madirisha yalitikisika na kijana akafurahi. Halafu harufu ya kuungua ikajaa sebuleni, na upande wa kushoto ukanyamaza kabisa.

Mzee aliporudi hakugomba. Aliketi, akaiangalia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, chombo hiki nilikinunua kabla mama yako hajaolewa." Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kosa lilikuwa nini? Kila spika ina ukinzani wake, ambao hupimwa kwa omu. Nyuma ya amplifaya ya mzee pameandikwa kwamba isipewe mzigo ulio chini ya omu 8. Spika yake ilikuwa ya omu 8, na sabwufa ya gari ilikuwa ya omu 4. Ukiziunganisha mahali pamoja, omu hazijumlishwi zikawa 12, bali hupungua zikawa kama 2.7. Umeme mwingi mno hupita, transista hupata joto kupita kiasi na kuungua. Ni kama kumtwika punda mmoja mzigo wa watatu.

Kwa hivyo, msomaji, jambo la kwanza ni kujua unanunua sabwufa ya aina gani. Kuna ile iliyo spika tupu, isiyo na nguvu zake yenyewe. Hiyo usiiunganishe na amplifaya ya zamani. Na kuna ile yenye amplifaya yake ndani, ambayo huchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Hii ndiyo unayoitaka, kwani inajilisha yenyewe. Inachohitaji kutoka kwa mzee ni kuambiwa tu wimbo gani unapigwa.

Amplifaya nyingi za zamani hazina tundu la sabwufa. Hilo lisikutie hofu, maana njia zipo.

Kwanza, tazama nyuma kama pameandikwa "PRE OUT". Yakiwepo matundu hayo, pitisha waya kutoka hapo hadi kwenye sabwufa na kazi imekwisha. Ukipandisha sauti, besi nayo itapanda.

Usidanganyike na matundu ya "TAPE REC". Hayo yaliwekwa kwa ajili ya kurekodi kaseti, na sauti yake haifuati kile kidude cha kuongeza na kupunguza. Utapunguza muziki ili upokee simu, lakini besi itaendelea kunguruma.

Pili, iwapo "PRE OUT" haipo, tafuta sabwufa yenye vishikizo vya waya za spika, ambavyo aghalabu huandikwa "HIGH LEVEL". Waziache spika zako mahali pake. Kutoka kwenye vishikizo vile vile vya amplifaya, vuta waya nyingine nne hadi kwenye sabwufa: nyekundu na nyeusi za kushoto, nyekundu na nyeusi za kulia. Mpwa wangu aliungua mahali hapo hapo, lakini sasa hakuna hatari hiyo, kwa kuwa ukinzani wa vishikizo hivyo ni mkubwa sana na amplifaya haihisi mzigo.

Hata hivyo, zima kila kitu na uchomoe plagi kabla ya kugusa waya. Hakikisha hakuna uzi wa waya unaogusa mwenzake. Tena usiunganishe waya nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia, kwani katika baadhi ya amplifaya kufanya hivyo huleta hasara ile ile ya kuungua.

Tatu, kama sabwufa ina matundu ya duara pekee, mafundi wa redio za magari huwa na kisanduku kidogo kinachopunguza nguvu ya waya za spika ili iingie kwenye matundu hayo.

Ukishamaliza, ianze sabwufa ikiwa chini. Spika zako zikiwa ndogo, weka kidude cha kugawa sauti karibu na hezi 80. Zikiwa kubwa za kusimama sakafuni, jaribu hezi 50 au 60. Swichi ya "PHASE" igeuze huku na huku, mtu mwingine akiwa ameketi kitini, kisha uiache pale anaposikia besi iliyojaa zaidi. Ukisikia mngurumo hata kabla ya muziki kuanza, huenda ni umeme wetu wa hezi 50 unaopenya. Jaribu kuchomeka vyombo vyote viwili kwenye soketi moja.

Na jirani je? Wimbi la sauti ya hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita nane, yaani huenda likaipita sebule yako kwa urefu. Ukuta wa fleti hauwezi kulizuia. Ukiiweka sabwufa pembeni mwa chumba besi huongezeka, kwa hivyo isogeze mbali na ukuta wa jirani na uipunguze usiku. Besi nzuri ni ile usiyoitambua mpaka izimwe.

Amplifaya ya baba ilipona. Fundi mmoja wa barabara ya Luthuli alibadilisha transista mbili, na mpwa wangu akalipa kwa pesa zake za matumizi. Baadaye alirudi na sabwufa ya kuchomeka ukutani, safari hii akamwita babu yake ashike tochi. Waya zilipokwisha fungwa, waliweka rumba ya zamani. Waya nene kabisa ya gita la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41, na spika ndogo za mzee hazikuwahi kuifikia.

Mzee alisikiliza kimya mpaka wimbo ukaisha. Kisha akauliza, "Kumbe huyu mpiga besi alikuwapo siku zote hizi?"