Magofu Hayakubomolewa na Wakati

Msafiri anayezuru Uingereza hakosi kuelekezwa kwenye magofu ya kale: abasia, yaani makao ya watawa, zilizobaki bila mapaa, na ngome ambazo minara yake imelala upande. Aghalabu mgeni hustaajabia uzuri wa mawe yaliyotambaliwa na mimea, hupiga picha, kisha huguna kwamba hakuna lidumulo duniani. Kauli hiyo ni tamu masikioni, lakini inaficha ukweli.

Na tuitazame Abasia ya Fountains, kaskazini mwa nchi, katika eneo la Yorkshire. Ilianzishwa mwaka wa 1132 na watawa waliotoka mjini York, nayo ikaja kutajirika kwa sufu ya kondoo. Ghala lake lenye urefu wa mita 90 hivi lingali limesimama. Je, jengo madhubuti kiasi hicho liliezuliwa na mvua na upepo? Hasha! Mnamo mwaka wa 1534, Bunge lilimtambua Mfalme Henry wa Nane kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mwaka uliofuata, mali ya Kanisa ikahesabiwa na kuandikwa daftarini. Kati ya mwaka wa 1536 na 1540, nyumba za watawa zipatazo 800 zikafungwa. Zamu ya Fountains ilifika mwaka wa 1539. Madini ya risasi yaliyofunika mapaa yakang'olewa na kuyeyushwa kwa sababu ya thamani yake, na ardhi ikauziwa mfanyabiashara tajiri wa London. Miaka ilipopita, mawe ya abasia yakajengewa jumba la kifahari lililo hatua chache tu kutoka hapo. Mwaka uo huo wa 1539, Richard Whiting, mkuu wa Abasia ya Glastonbury, alinyongwa juu ya kilima.

Ngome nazo zina kisa chao. Minara ya Corfe, huko Dorset, haikuinama kwa uzee. Mwaka wa 1646, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Bunge yaliiteka ngome hiyo, na Bunge likaamuru ibomolewe ili adui asiitumie tena. Kuta zikalipuliwa kwa baruti, na wanakijiji wakayachukua mawe wakajengea nyumba zao. Kule Wales nako, Mfalme Edward wa Kwanza alipoanza kuijenga ngome ya Conwy mwaka wa 1283 ili kuwatiisha wenyeji, aliwahamisha watawa wa Aberconwy apate kiwanja.

Wapo watakaoteta kwamba mtalii amesafiri kupumzisha akili, si kufanya mtihani wa historia. Sikatai. Hata hivyo, anayeambiwa kwamba wakati ndio uliobomoa huwa amefunzwa kuwasamehe wabomoaji bila hata kujua majina yao. Sheria, tamaa na vita havina budi kutajwa.

Funzo hili halikomei Ulaya. Shule zetu hupeleka wanafunzi katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. Wanahistoria wangali wanabishana juu ya sababu: wako wanaotaja uhaba wa maji, na wako wanaotaja vita. Mwanafunzi anayerejea na jibu moja la kukariri hajafaidika na nauli ya mzazi wake.

Walimu wenzangu, kabla ya basi kung'oa nanga, wapeni wanafunzi maswali matatu: Ni nani aliyejenga? Ni nani aliyebomoa au kuhama, na kwa nini? Mawe yalikwenda wapi? Nao wayatafute majibu ukutani na vitabuni, na palipo na mabishano, waeleze ni upande upi wenye ushahidi mzito zaidi.