Kukopa na Kukopesha: Funzo kutoka Kigiriki cha Kale

Ni kosa kuamini kwamba kauli ya kati ya Kigiriki cha kale hulingana daima na kiambishi -ji- cha Kiswahili. Kitenzi daneizo chakanusha dai hilo. Katika kauli ya kutenda, daneizo ni 'nakopesha', na edaneisa ni 'nilikopesha'. Katika kauli ya kati, daneizomai ni 'nakopa', na edaneisamen ni 'nilikopa'. Katika Injili, Luka 6:35 hutumia kauli ya kutenda kwa mkopeshaji. Mathayo 5:42 hutumia kauli ya kati kwa mkopaji. Hakuna anayejikopesha hapo: mkopaji hufanya apewe mali kwa manufaa yake.

Kiswahili huanzia upande wa pili. Shina ni kopa, na kauli ya kutendesha ndiyo izaayo kopesha. Ndivyo ilivyo kwa panga na pangisha, ilhali Mgiriki alitoka misthoo, 'napangisha', hadi misthoumai, 'napanga'. Mgiriki alianza na mwenye mali. Mswahili huanza na mhitaji. Basi anayefundisha mnyambuliko wa Kiswahili kwa vipimo vya Kigiriki hugeuza chanzo kuwa tokeo. Ulinganishi na ufanywe, ila kila lugha ipimwe kwa mizani yake.