Stima Zimepotea: Lugha na Ulinzi wa Gridi ya Taifa

Umeme unapokatika usiku katika mitaa ya Njiru, mashariki mwa jiji la Nairobi, sentensi moja husikika kutoka orofa hadi orofa: "Stima zimepotea." Kinyozi aliye kando ya Barabara ya Kangundo huishusha mashine yake ilhali kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Fundi wa kuchomelea vyuma huvua miwani yake, na pampu inayopandisha maji hadi kwenye matangi ya majumba ya kupangisha hunyamaza. Mwanafunzi wa sarufi atatambua jambo katika sentensi hiyo: haina mtenda. Stima hazikukatwa na mtu wala hazikuzimwa na kitu. Zimepotea tu, kama mbuzi aliyeacha kundi. Kauli hiyo yatosha kwa mazungumzo ya jirani na jirani. Haitoshi kwa taifa linalotaka kuilinda gridi yake, kwa maana asiyeweza kumtaja mtenda hawezi kujikinga naye.

Historia ya karibuni ya Kenya inaonyesha watenda wa kila namna. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana. Kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tarehe 11 Januari 2022, minara ya njia ya umeme itokayo Kiambere hadi Embakasi ilianguka, giza likatanda tena, na lawama zikawaelekea wezi wa vyuma. Mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilifika hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Kampuni ya umeme iliutaja mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana, nao wenye mtambo wakakana kwamba wao ndio chanzo. Katika matukio hayo, chanzo kilichotangazwa hakikuwa shambulio la kompyuta. Hata hivyo, funzo ni moja: ikiwa mnyama mmoja asiye na nia mbaya aliweza kuizima nchi, mtu mwenye nia mbaya na maarifa ataweza nini?

Swali hilo lilijibiwa nchini Ukraine tarehe 23 Desemba 2015. Siku hiyo kampuni tatu za kusambaza umeme zilivamiwa kupitia kompyuta zao, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme kwa muda wa saa kadhaa. Wahandisi waliokuwa zamu waliona vishale vya kompyuta vikisogea vyenyewe kwenye skrini na kufungua swichi moja baada ya nyingine. Msomi wa lugha ana sababu ya kuutazama kwa makini mwanzo wa uvamizi huo. Haukuanza kwa mtambo wa ajabu, bali kwa barua pepe. Miezi kadhaa kabla ya giza, wafanyakazi walitumiwa barua zenye sura ya barua halali za kiofisi, kila moja ikiwa na waraka ulioambatishwa. Aliyeufungua waraka na kukubali ombi lililojitokeza ndani yake ndiye aliyemfungulia adui mlango. Isitoshe, siku ya shambulio wavamizi walifurisha simu bandia katika kituo cha huduma kwa wateja, ili mwenye kuzimikiwa asipate wa kumwuliza. Hivyo basi, shambulio liliingia kwa maneno yaliyoaminika na kujificha kwa kuyanyamazisha maneno mengine.

Kenya nayo imeonja ladha ya mashambulio ya mtandaoni. Mnamo Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliushambulia mfumo wa eCitizen, unaobeba huduma za serikali zaidi ya 5,000, na waombaji wa pasipoti, viza na leseni wakakwama. Katika mazungumzo mengi ya Kiswahili tukio hilo liliitwa udukuzi. Lakini kudukua, kwa maana yake ya asili, ni kupekua au kusikiliza kwa siri yasiyomhusu mtu. Waziri wa Habari wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba hapakuwa na data iliyopotea. Kilichofanyika ni kuufurisha mfumo kwa maombi mengi mno kupita uwezo wake. Ni sawa na genge linalojazana mlangoni pa duka bila kununua kitu, hata mnunuzi wa kweli akose pa kupenya. Huo si upekuzi, ni uzibaji. Tofauti hiyo si mchezo wa wanaisimu. Anayeambiwa amedukuliwa huhofia siri zake na kukimbilia kubadilisha nywila. Anayeambiwa mlango umezibwa hutafuta mlango mwingine, akasubiri. Neno moja likitumika kwa mambo mawili, humpeleka mwananchi pasipo na hatari na kumwacha pale ilipo.

Kwa mkazi wa Njiru, hatari hiyo imekwisha kuingia ndani ya nyumba, katika mita inayolipiwa kabla ya matumizi. Mnamo Julai 2019, kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg, Afrika Kusini, ilivamiwa na programu inayofunga mafaili ili mwenyewe adaiwe fidia. Waya hazikuguswa. Hata hivyo, wateja wa mita kama hizo walishindwa kununua umeme, na kwa aliyeishiwa, giza la mnunuzi halikuwa na tofauti na giza la mnara ulioanguka. Nchini Kenya, kila tokeni ni msururu wa tarakimu 20. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, mita za aina hiyo zilihitaji kurekebishwa ili ziendelee kupokea tokeni, na mteja wa Kenya akapokea misururu mitatu mahali pa mmoja: miwili ya kuirekebisha mita na mmoja wa umeme alionunua. Zoezi lenyewe lilikuwa halali. Lakini mtu aliyezoezwa kubonyeza tarakimu asizojua maana yake kwa amri ya ujumbe asioweza kuupima, tapeli hahitaji kumfundisha jambo jipya.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wahandisi, na kwamba mwana wa fasihi hana lake kwenye swichi. Wana haki kwa kiasi fulani. Kuta za kompyuta hazijengwi kwa tenzi, na umeme wa Ukraine ulirudi kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kuzifunga swichi kwa mikono yao. Lakini barua iliyowaangusha ilikuwa matini, na msomaji wake hakuwa na sababu ya kuishuku. Kuzichunguza matini, kutambua sauti isiyo ya mwenyewe, kuuliza ni nani anayesema na anataka nini: hii ni kazi inayofundishwa kila siku katika darasa la uhakiki. Kinachokosekana ni kuitoa nje ya darasa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni, inayogusa pia miundombinu muhimu ya habari, imeandikwa kwa Kiingereza. Hapana budi muhtasari wake uwekwe katika Kiswahili chepesi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vinaweza kuanza na orodha fupi ya istilahi, inayotenganisha udukuzi, uzibaji wa huduma na utekaji wa mafaili, kisha kuipeleka kwa watangazaji wa redio na magazeti. Kampuni za umeme nazo zina wajibu wa kueleza, kila giza linapoingia, ni nini kilichoharibika, ni nani aliyekiharibu endapo anajulikana, na mteja afanye nini. Penye ukimya, uvumi hujaza nafasi, na uvumi ndio uwanja anaoupenda mshambulizi.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauko kwenye waya na seva pekee. Uko pia kati ya ujumbe na anayeupokea. Siku Njiru itakapoingia gizani tena, kinyozi yule atasema, kama kawaida, kwamba stima zimepotea. Si kosa lake. Kosa litakuwa la wenye lugha, ikiwa hadi siku hiyo hawatakuwa wamempa sentensi nyingine, yenye mtenda ndani yake.