Acheni baiskeli ipite

Ndugu wasikilizaji wa Uvira, Kiliba, Sange, Luvungi mpaka Kamanyola, na ninyi ndugu zetu muliohama makwenu na sasa munalala kwenye shule, makanisa na kwa jamaa: leo naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Juzi asubuhi nilitoka mjini kwa baiskeli, kuelekea upande wa Kiliba kufuata habari. Barabara ilikuwa kimya. Hakuna lori, hakuna basi, pikipiki moja moja tu. Ulisikia mnyororo wa baiskeli, ndege, na changarawe chini ya mipira. Kushoto milima, kulia bonde lote mpaka mto Ruzizi, na Burundi ng'ambo. Mgeni angesema: jamani, pazuri hapa pa kutembeza baiskeli! Lakini sisi wenyeji tunajua ukimya ule unatoka wapi. Wenye magari wanaogopa. Barabara ikinyamaza huku kwetu, mama anaanza kufunga vitu.

Mbele kidogo nikamkuta baba mmoja, muhamaji, anasukuma baiskeli yenye mifuko miwili ya muhogo mkavu. Hakuipanda, aliisukuma, maana mzigo ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Tukafika kwenye kamba iliyofungwa kutoka mti huu hadi mti ule. Kijana mwenye kamba akasema: toa. Baba akajibu kwamba ametoa mara mbili tayari toka asubuhi na franka zimekwisha. Kijana hakubishana naye. Alileta beseni. Yule baba akafungua mfuko, akamwaga muhogo ndani ya beseni mpaka likajaa, akafunga mfuko, akasukuma tena. Hakusema neno. Watoto wake wangekula beseni ile siku mbili.

Mimi nilipita bure, kwa sababu nilionyesha karatasi ya radio. Nimekuwa na haya tangu siku hiyo.

Sitataja kamba ile ni ya nani. Munazijua nyingine nyingi: leo ya mwenye sare, kesho ya asiye na sare, kesho kutwa ya mtu anayedai anakusanya kodi na hana risiti. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariere 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Wenye bunduki wamebadilika mara ngapi tangu wakati huo? Februari 2025 Bukavu ilianguka, watu wakashuka kwa maelfu kupitia bonde hili na kuvuka Ruzizi. Desemba mwaka huo huo vita vikaingia Uvira yenyewe. Wakubwa wanakuja na kuondoka, kamba inabaki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Huko Ufaransa, katika milima ya Ardèche, kuna bonde la mto Eyrieux. Zamani treni ndogo ilipita humo. Ilifungwa mwaka 1968. Wenyeji hawakuiacha njia ile iliwe na majani. Waliisawazisha, wakaweka udongo na changarawe, na leo ni njia ya karibu kilomita 90 inayoitwa Dolce Via. Gari haliruhusiwi. Wanapita wenye baiskeli, waenda kwa miguu na wenye farasi. Njia za namna hiyo sheria ya Ufaransa inaziita njia za kijani, na nchi nzima inazo. Watu wanatoka mbali, wanalipa hoteli na chakula, ili tu wapate kuendesha baiskeli penye changarawe bila kusikia gari.

Nimeleta habari hii kwa sababu sisi pia tulikuwa na treni. Vijana wengi hawajui. Wakati wa wakoloni, katika miaka ya 1930, reli ilitoka Uvira ikapanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Urefu wake ulikuwa zaidi ya kilomita 90, karibu sawa na njia ile ya Ardèche. Ilibeba mali kati ya ziwa na milima ya Bukavu. Ilikufa kabla ya uhuru wa 1960. Nchi mbili, mabonde mawili, reli mbili zilizokufa. Wao walifanya njia ya baiskeli. Sisi tulifanya nini? Tulifunga kamba.

Najua mutaniambia: mwandishi, nchi iko vitani, wewe unatuletea matembezi ya Wazungu! Hapana. Mzungu wa Ardèche anaendesha baiskeli ili apumzike. Baba yule anaisukuma ili nyumba ipate bugali. Kama njia salama bila magari inamfaa anayetafuta hewa, inamfaa zaidi anayetafuta chakula. Hapa kwetu baiskeli ndiyo lori la maskini. Inashusha muhogo, mahindi, mchele na makala, inapandisha ndagala, chumvi na sabuni. Inabeba mgonjwa mpaka kituo cha afya, inabeba mama aliyeshikwa na uchungu. Siku tulipokimbia, nani alikuwa na gari? Godoro, sufuria, bibi na mtoto vilipanda baiskeli moja.

Wengine watasema: tungoje barabara ya taifa nambari 5 itengenezwe yote, lami itamaliza shida. Nami naitaka lami. Lakini lami inaleta malori, na lori halimwoni mwenye baiskeli, linamsukuma kwenye mtaro. Hamujasahau Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katikati ya watu, likawaka, na zaidi ya 230 wakafa. Mahali watu, baiskeli na tangi la mafuta wanapogombea njia moja, maskini ndiye anayelipa. Basi hata lami ikija, baiskeli iwe na njia yake pembeni.

Na wapo wanaosema bariere ni kwa ajili ya usalama. Kama ni usalama, kagueni mzigo, tazameni karatasi, kisha muache mtu aende. Pesa inakagua nini? Beseni ya muhogo inakamata mwizi gani? Mwizi anazijua njia za nyuma, hapiti kwenye kamba. Anayepita kwenye kamba ni yule asiye na cha kuficha. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 30, inasema kila mtu aliye katika nchi ana haki ya kutembea kwa uhuru. Haikusema: isipokuwa mwenye baiskeli.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja mradi kutoka Kinshasa au ng'ambo.

La kwanza: baiskeli na mtu wa miguu wasilipe chochote, popote, kwa mtu yeyote. Hili ni neno moja tu la mkubwa kwa walio chini yake. Nawauliza wakubwa wote, wa serikali, wa jeshi na wa vikundi: munashindwa kulisema?

La pili: vijia vya zamani vinavyopita mashambani na kando ya mifereji, tuvifyeke siku ya salongo. Panapoingia kijia, tuweke mawe makubwa mawili ili lori lisipite. Machifu, munaweza kuanza Jumamosi hii. Kazi hii inataka mapanga, majembe na changarawe ya mtoni, na vyote tunavyo.

La tatu: madaraja madogo. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba na madaraja hapa mjini, munakumbuka tulivyobeba baiskeli mabegani. Lori linahitaji daraja la chuma na mainjinia. Baiskeli inahitaji mbao nne, misumari na fundi mwenye moyo.

Na sisi raia tujilaumu kidogo. Tunamcheka mwenye baiskeli. Kijana akipata pikipiki anampigia honi baba yake mzazi atoke njiani. Tunapoona mtu anamwagishwa muhogo wake, tunaangalia ng'ambo na kushukuru kwamba leo si sisi. Mimi nilifanya hivyo juzi. Nilikuwa na karatasi mfukoni na mdomo kichwani, nikatumia karatasi, nikaacha mdomo.

Toka leo nitafanya hivi. Kila anayesimamishwa na baiskeli, aje radioni aseme ni wapi, saa ngapi, ametoa nini: franka, muhogo, samaki. Jina lako halitatajwa. Tutayaandika katika daftari moja, na kila mwisho wa mwezi tutayasoma hewani, beseni moja baada ya nyingine, mpaka aliyejaza beseni asikie aibu.

Wasafiri wa Ardèche wanatafuta njia isiyo na magari. Sisi tunayo tayari, vita vimetuletea. Siku amani itakaporudi na malori yakaanza kunguruma tena, nataka yule baba abaki na njia yake, pembeni, chini ya miti, anaendesha badala ya kusukuma, na mifuko yake miwili ikafika nyumbani imejaa.

Mwenye kamba, kama unasoma hapa au umesomewa: ifungue. Acha baiskeli ipite.