Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Tarehe 19 Septemba, 1916, majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Jemadari wao, Charles Tombeur, alipewa baadaye cheo cha ubaroni, na jina la mji huo likaunganishwa na jina lake. Askari wa Kongo, waliovuka mpaka mwezi Aprili na kupita katika milima yenye baridi ya Rwanda, hawakupewa jina la mji wowote. Wengi wa wapagazi waliowabebea risasi na chakula hawakumbukwi hata kwa majina yao wenyewe.

Tabora iliwajua wapagazi wa namna nyingine. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapo, na Wanyamwezi waliifanya kazi ya kubeba kuwa fani ya heshima. Walipatana ujira kabla ya safari. Walipodhulumiwa, waliweza kutua mizigo na kugoma. Mbele yao alikwenda kirangozi, ambaye mara nyingi walimchagua wao wenyewe. Kirangozi alitembea kwa miguu na kubeba mzigo wake, japo mwepesi. Aliamuru mwendo akiwa ameuonja.

Vita vya mabeberu vilivunja utaratibu huo. Pande zote ziliwatoa wanaume vijijini kwa nguvu. Karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, huku mpagazi akitembea na njaa. Katika jeshi la wapagazi wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ya waliokufa katika vita vyote ilizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, si kwa risasi.

Je, majemadari waliitumiaje dhamana ya roho hizo? Tombeur alitokea magharibi, na Jenerali Crewe wa Uingereza alitokea Mwanza. Walishindania sifa ya kuingia Tabora kuliko walivyoshirikiana kumzingira adui. Jenerali Wahle wa Ujerumani akaponyoka na watu wake, na vita vikaendelea hadi Novemba 1918. Mwaka 1917 Wabelgiji wakawaachia Waingereza mji ule ule uliomwagiwa damu. Kwao Tabora ilikuwa kitu cha kujadiliana bei.

Ni dhahiri kwamba askari na wapagazi hawakukosa ushupavu. Kilichokosekana ni uongozi uliotembea nao. Aliyebebwa kwenye machela hawezi kujua uzito wa sanduku la risasi begani mwa mwenzake.

Basi mwalimu anapofundisha vita vile, asiishie kwenye werevu wa Lettow-Vorbeck na nishani za Tombeur. Awatume wanafunzi wakawaulize wazee ni nani katika ukoo alichukuliwa na hakurudi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Mtoto anayelitamka analo haki ya kujua maana yake.

Mtumishi wa umma naye ajipime kwa kipimo cha kirangozi. Kila agizo linalotoka ofisini huishia begani mwa mtu fulani kijijini. Kabla ya kulitia sahihi, na aende kwanza akaunyanyue mzigo huo mwenyewe.