Vigogo Walala Angani, Walalahoi Tulipe!

Vijana, tusizugwe! Tarehe 20 Novemba 2015, Rais Magufuli alisimama bungeni Dodoma akaanika hesabu: katika miaka 2 ya fedha, 2013/14 na 2014/15, safari za nje zilikula shilingi bilioni 356.3. Tiketi za ndege peke yake bilioni 183! Hayo hakusema mpinzani, kasema Rais wa CCM mwenyewe.

Dodoma ni nchi ya Wagogo, lakini wanaoneemeka ni vigogo. Kiangazi mama anachimba maji kwenye mchanga wa korongo. Mkubwa yuko daraja la biashara, kiti kimegeuzwa kitanda, anakoroma mpaka Ulaya. Tunauliza: aliyelala mbele na aliyekaa nyuma, si wanatua pamoja?

Magufuli alipiga marufuku anasa hiyo, akawabakizia Rais, Makamu na Waziri Mkuu. Tulishangilia. Lakini amri si sheria, na aliyeitoa alifariki Machi 2021. Tunataka sheria, na hesabu za tiketi zibandikwe hadharani kila mwaka. Anayetaka kitanda angani, akilipie kwa mshahara wake!